Saa Thelathini na Nane Angani

Masharti ya leseni ya urubani binafsi nayajua kwa kichwa mpaka leo, na hayanisaidii kitu. Uwe umetimiza miaka kumi na saba. Uwe na cheti cha afya cha daktari anayetambuliwa na watu wa anga. Ujue Kiingereza cha redio. Ufaulu karatasi za sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji na ufundi wa ndege yenyewe. Kisha uruke saa arobaini, na katika hizo kumi uwe peke yako, na katika hizo kumi iwemo safari moja ndefu ya kutua kwenye viwanja viwili ambavyo si vya kwako. Mwisho anakuja mkaguzi, anakaa kiti cha kulia na kukutazama. Sehemu ya baba mkwe haimo. Nimeisoma ile karatasi mpaka ikachanika kwenye mikunjo, haimo.

Wakati huo nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la chai, chini kidogo ya Tukuyu. Shamba lilikuwa la serikali. Likauzwa kwa mwekezaji, nusu ya watu wakapunguzwa, na sisi tuliobaki tukaambiwa tushukuru. Meneja mpya alikuja na ndege ya viti vinne kwa sababu barabara ya Dar ilikuwa inamuumiza mgongo. Rubani wake alikuwa mzee wa Kizungu aliyezaliwa Kenya, masikio mekundu, Kiswahili cha kuwaamrisha watu wa bustani. Mzee yule alikuwa na kibali cha kufundisha. Na kampuni, katika makaratasi ya kununulia shamba, ilikuwa imeahidi kuwapa wenyeji ujuzi wa juu. Mtu mmoja anayefundishwa kurusha ndege anapendeza kwenye picha kuliko watu hamsini wanaofundishwa kutengeneza mashine za kukaushia chai. Ndivyo nafasi ilivyopatikana. Sijidanganyi kwamba kuna aliyenipenda.

Tulifanya mtihani watu watano, wanaume wanne na mimi: hesabu, fizikia na Kiingereza. Nilikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni. Nilimshusha, nikamlaza chini ya dawati juu ya kitenge, nikamaliza wa kwanza. Siku majibu yalipobandikwa, mwenzangu wa mizani alilisoma jina langu mara mbili.

"Sasa wewe utarusha ndege na hayo matiti yanavyovuja?"

"Nitarusha nayo."

"Basi ukifika juu utumwagie na sisi. Maziwa yamepanda bei."

Karani wa ofisi akasema nilete barua ya mume ya kuniruhusu. Nikamwuliza sharti hilo ni namba ngapi kwenye karatasi. Akasema liko kichwani mwake. Mume wangu alikuwa Kyela kwenye mchele, ananunua kwa magunia na kuupandisha Mbeya, kwa kuwa soko lilikuwa limefunguliwa na kila mwanaume mwenye miguu amekuwa mfanyabiashara. Aliandika mistari miwili, na chini akaongeza: "Arudi kabla ya chakula cha jioni." Alidhani anachekesha. Ofisi iliitia ile barua kwenye faili langu pamoja na utani wake, na imo humo hadi leo.

Cheti cha afya nilikifuata Dar kwa basi, siku nzima na mtoto mapajani. Daktari alinipima macho, masikio, moyo, mkojo, akanifungulia kitabu cha madoa ya rangi nitaje namba zilizojificha ndani yake. Halafu akauliza kama nina mimba. Nikasema sina.

"Ukiipata, cheti hiki weka kabatini mpaka ujifungue na mimi nikupime tena."

Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha mlango utafungiwa upande gani, basi.

Mwalimu wangu naye hakunificha. Siku ya kwanza alinichorea ngazi nyuma ya karatasi ya kupimia majani. Leseni ya binafsi ni kizingiti tu, alisema; nayo unaweza kumbeba rafiki yako, lakini ukipokea hata shilingi kwa kumbeba umevunja sheria. Juu yake kuna kibali cha kuruka usiku. Juu ya hicho kuna cha kuruka ndani ya mawingu bila kuona nje, macho kwenye vyombo tu. Kuna cha ndege ya injini mbili. Kuna leseni ya biashara, saa mia mbili, ndipo mtu anaruhusiwa kukulipa. Kila kimoja na saa zake, karatasi zake na mkaguzi wake. Nikamwuliza kwa mwendo wetu nitafika lini. Akalitazama wingu lililokuwa limekaa juu ya Tukuyu tangu alfajiri.

"Kwa mvua ya hapa? Wewe nafika mzee kama mimi."

Kijijini hawakujua hayo ya ngazi. Walidhani nikimaliza nitapewa ndege na serikali, kama mwalimu anavyopewa darasa.

Na mlinzi wa kiwanja cha ndege alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa mtu ambaye hakukulia kwetu, inabidi nieleze. Mke wa Kinyakyusa hamwoni baba wa mumewe. Sisemi kwamba anamwinamia. Nasema hamwoni. Hakai naye nyumba moja, hapiti njia anayopita yeye, hatamki jina lake. Wakikutana kwa bahati mbaya mwanamke anajifunika nguo kichwani na kuingia kwenye migomba, naye mzee anageuza uso. Tunaita kutila. Mjini wanaicheka, na mchungaji anasema imepitwa na wakati, lakini akishamaliza kusema anarudi kwake na mkamwana wake anamkimbia vilevile. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu na sijawahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Nilimjua kwa kikohozi, na kwa mgongo wa koti lake la mvua la kijani.

Kazi yake kiwanjani ilikuwa mbili. Kufukuza ng'ombe wa majirani, waliolizoea jani la pale tangu enzi za serikali. Na kusimamisha bendera: nyeupe kama kiwanja ni kitupu, nyekundu kama rubani asitue.

Nilipochaguliwa, mama mkwe wangu alikaa nami jikoni, akamenya ndizi kikapu kizima. Kisha akauliza, "Sasa utapita juu ya kichwa cha baba yako?"

"Mama, ndege inapita juu sana."

"Juu ni juu."

Wakaitwa shangazi watatu wa mume wangu. Walibishana mchana mzima, nami nikiwakorogea chai kama vile habari hainihusu. Mkubwa wao ndiye aliyekata shauri: aliye kule juu haonekani, na asiyeonekana hayupo. Niruke. Ila nisipite juu ya paa la nyumba yake, kwa kuwa akiwa amelala ndani hawezi kugeuza uso.

Nikatii. Nilikuwa na fizikia ya kidato cha nne kichwani, naweza kueleza kwa nini bawa linainuka, na nilitii. Nyumba ya mzee ilikuwa upande wa kushoto wa kiwanja, kwa hiyo kila nikipaa niligeuka kulia.

"Kwa nini wewe nageuka kulia?" mwalimu akafoka. "Kitabu nasema kushoto."

"Upepo."

"Upepo gani? Mimi hapana ona upepo."

Baadaye akachoka, akaandika kwamba kiwanja chetu mzunguko wake ni wa kulia, kwa ajili ya mlima.

Chini nako tulikuwa na utaratibu wetu, mimi na mzee, na hatukuwahi kuusemezana. Asubuhi nilikuja kwa njia ya chini, nikakohoa. Yeye alizunguka nyuma ya kibanda mpaka injini iwake. Ndege ikishapaa alitoka akafukuza ng'ombe. Aliposikia tunarudi alikitazama kiwanja mwanzo hadi mwisho, akachomeka bendera nyeupe kwenye pipa la mchanga, akaingia kibandani na kufunga mlango. Alikaa humo mpaka ndege izimwe na mimi niondoke. Mwalimu alidhani mlinzi wake anaogopa propela, na alikuwa akimcheka.

Mimi nilijua. Kutoka juu niliuona ule mlango ukifungwa kila siku, na nilijua kwamba tangu unapofungwa mpaka magurudumu yanapogusa ardhi hakuna jicho la mtu kwenye kiwanja. Dakika mbili, pengine tatu. Sheria za anga nilizifaulu, na hata mtoto angeona kwamba hapo pana shimo. Sikusema. Kulisema ni kumsema yeye. Na nikiwa mkweli, mpango ule ulinifaa, maana bila huo nisingeruhusiwa kukanyaga pale. Ndiyo maana hasira yangu haina mahali pa kwenda. Ikitoka inazunguka, inarudi kwangu.

Saa zilikuja kwa matone. Wiki nzima mvua, siku moja jua, siku hiyo meneja anaitaka ndege. Nilinyonyesha mlangoni mwa ghala la ndege, nikamkabidhi mtoto kwa mama mkwe, nikaingia. Nilikuwa mfupi kwa kile kiti, kwa hiyo nilikikalia kitenge cha kubebea mtoto, nimekikunja mara nne. Siku ya kwanza kuruka peke yangu mwalimu alishuka na kusimama kando ya kiwanja, na ndege, kwa kukosa uzito wake, iliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nilicheka kwa sauti mle ndani. Sikumbuki kama nimewahi kucheka hivyo tena.

Safari ndefu ilikuja kiangazi. Iringa, Mbeya, nyumbani, peke yangu. Nikirudi salama zitabaki saa mbili tu na mkaguzi. Mwalimu alikuwa tayari ameshamwandikia.

Iringa nilitua vizuri. Kijana wa mafuta akaja na pampu yake, akachungulia ndani.

"Dada, rubani yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Hapana, yule mwenyewe."

Nikamwambia ajaze mafuta, mwenyewe ana haraka. Mbeya walinisainia daftari la saa bila kuuliza kitu. Niliondoka mchana, nikapita juu ya Isongole, mashamba ya viazi yamekatwakatwa kama shuka za viraka, mlima Rungwe kushoto kwangu umeshaanza kuvuta wingu mabegani. Mwalimu alitakiwa kunisubiri kiwanjani na redio yake ya mkononi. Niliita, hakujibu. Meneja alikuwa amemwita kiwandani kwa jambo la dakika tano.

Nikazunguka kulia. Bendera nyeupe ilikuwa kwenye pipa. Nililiona koti la kijani likiingia kibandani, mlango ukafungwa, na nikafurahi. Nilifurahi kwamba ameniheshimu hata siku ile.

Kitabu kinasema rubani akiwa hana hakika na kiwanja, apite kwanza chini chini bila kutua, atazame, apande tena. Lakini siku hiyo, nilipokuwa namalizia kuzunguka, wingu lilifunga upande wa kulia. Ningepita bila kutua, njia ya kupandia ingekuwa kushoto, juu ya paa lake. Sikupita. Nikatua moja kwa moja.

Ng'ombe watatu walitokea kwenye njia ya wachuma chai wakati magurudumu yameshagusa. Wawili walivuka. Wa tatu, mtamba mwekundu, alisimama kunitazama. Propela ilimpata shingoni. Ndege ikageuka, bawa likaingia kwenye chai, pua ikachimba chini, na kukawa kimya, ila kitu kinadondoka na harufu ya petroli inapanda.

Kinachofuata nilikuwa nimekariri hata usingizini. Funga mafuta. Zima swichi ya kuwashia injini. Zima swichi kuu. Fungua mlango, toka, kimbia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mizima.

Mlango wa kibanda ukafunguka, mzee akatoka anakimbia kuja kwangu, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Ni uso wa mwanangu, vilevile, umezeeshwa tu. Nami nikakivuta kile kitenge kutoka chini yangu nikajifunika kichwa.

Hicho ndicho nilichofanya. Petroli inamwagika, swichi zote ziko wazi, mimi nimekaa gizani ndani ya kitenge chenye harufu ya maziwa, nimeinamisha kichwa kama bibi harusi. Nilimsikia akisimama. Wachuma chai walinisimulia kwamba alifika hatua kama ishirini, akanigeuzia mgongo, akatanua mikono kama anayezuia mifugo, akawa anawaita: "Wanawake, njooni. Njooni mtoeni mtoto wa watu." Hakusogea hatua mbele wala hatua nyuma. Wao ndio walionivuta nje. Haikuwaka. Hakuna aliyeizuia isiwake, haikuwaka tu.

Siku ya tatu mwalimu aliniita barazani na fomu ya ajali. Swali la tisa lilitaka jina la mlinzi wa kiwanja, na alikuwa wapi wakati ndege inatua.

"Andika," akasema. "Andika mtu alijificha ndani ya nyumba. Mkaguzi nasoma, naona kiwanja hapana mtu, makosa nagawanyika. Wewe napata mtihani yako."

"Jina lake siwezi."

"Wewe hapana jua? Yeye baba ya bwana yako. Karani naeleza mimi."

"Nalijua. Siwezi kulitaja."

"Mimi hapana sema taja. Nasema andika."

Nilikaa na ile kalamu mpaka chai yake ikapoa. Nilifikiri. Nikiandika alikuwa ndani, watamwuliza kwa nini, na sababu ni mimi. Yeye hatanitaja mbele ya wageni, atanyamaza, na kwa kunyamaza watampunguza, na mashemeji zangu wawili wanasoma kwa kazi yake. Hizo ni sababu nzuri, na nimezitoa kwa watu wengi. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilijaribu. Niliweka kalamu kwenye mstari, nikataka kuandika herufi ya kwanza, na mkono haukwenda. Mimi niliyekuwa nikiwaambia wenzangu wa mizani kwamba kutila ni ujinga wa wazee. Nikaruka swali la tisa, nikajaza la kumi.

Mwalimu akaichukua fomu, akaona pengo, akaikunja.

"Basi wewe najimaliza mwenyewe," akasema, na hakuwa anafoka.

Barua ya watu wa anga ilikuja kabla ya mvua za masika. Mwanafunzi alitua bila kuhakikisha kiwanja ni kitupu. Mwanafunzi hakuzima mafuta wala umeme baada ya ajali. Yote mawili ni kweli. Kampuni ikafuta mafunzo. Ndege iling'olewa mabawa, ikapakiwa kwenye lori kama kitanda cha mtu anayehama, ikapelekwa Mbeya na mbele ya Mbeya sijui. Mwalimu alinipa daftari langu la saa, amelisaini ukurasa wa mwisho: thelathini na nane. Akasema Nairobi kuna shule, wanazipokea saa za nyuma kama hazijalala sana. Hakusema nani atanipeleka, nami sikumwuliza. Cheti changu cha afya kiliisha muda nikiwa na mimba ya pili.

Wiki ile ndege ilipoondoka, mama mkwe alikuja na jogoo kwapani. Akamweka sakafuni amefungwa miguu, akakaa, akajifuta uso.

"Baba yako amenituma. Anasema ndaga fijo."

Ndaga fijo ni asante sana. Nikamwuliza asante ya nini.

"Hukumwandika. Anasema wake za watu waliosoma wangemwandika siku ileile. Na ulivyojifunika. Amewasimulia wazee wenzake wote, kwamba mkamwana wake yuko ndani ya moto na bado anajifunika."

"Hakukuwa na moto, Mama."

"Ungekuwapo."

"Mwambie asingefunga ule mlango, leo ningekuwa na leseni."

"Hilo siwezi kumpelekea."

"Kwa nini?"

"Yeye alifunga kwa ajili yako. Nikamwambie nini, kwamba heshima yake imekuua?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Alimchukua mtoto, akamtia mgongoni, akakifunga kile kitenge vizuri mabegani na kutoka naye kwenda kuchota maji. Jogoo alikuwa anajipigapiga sakafuni. Nilitafuta kisu, nikakinoa kwenye jiwe la mlangoni, nikamchinja mwenyewe, ingawa kwetu mwanamke hachinji. Mume wangu aliporudi alikula paja na kusifu mchuzi. Hakuuliza nani amechinja, na asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mizani.